Piga simu kabla ya kupakia: Somo la Mnada wa Pugu kwa zahanati zetu

MFANYABIASHARA wa ng'ombe anayepeleka mifugo Mnada wa Pugu kutoka Shinyanga au Singida hapakii lori kabla ya kupiga simu. Humuuliza mwenzake aliyeko mnadani ng'ombe wangapi wameshushwa, wanunuzi wamejitokeza kiasi gani na bei imesimama wapi. Akiambiwa mnada umefurika, huuacha mzigo wake malishoni siku mbili tatu. Muda wa maongezi wa shilingi mia chache humwepusha na hasara kubwa.

Mwendo mfupi kutoka hapo, Gongo la Mboto, mama anayelima mchicha hafanyi hivyo anapouguliwa na mtoto. Hufunga mlango, humbeba mtoto mgongoni na kwenda zahanati. Akishafika ndipo anapojua kama tabibu yupo, kama vipimo vipo na kama dawa zipo. Simu anayo, na pengine ni nzuri kuliko ya yule mwenye ng'ombe. Anachokosa ni mtu wa kumpigia.

Kwa zaidi ya miaka 15 sasa wataalamu wa afya, makampuni ya simu na wafadhili wamekuwa wakileta Teknohama katika hospitali na zahanati za Tanzania. Nimekuwa nikiifuatilia miradi hiyo kwa jicho la mchumi wa kilimo, na swali langu ni lile lile ninalouliza inapoletwa mbegu mpya au pampu ya maji: nani anabeba gharama ya kuitumia, na nani anavuna? Mkulima anayekataa mbegu ya kisasa mara nyingi si mjinga, amepiga hesabu zake. Daktari na mgonjwa nao wanapiga hesabu, ingawa hawaziandiki popote.

Hesabu ya siku moja ya ugonjwa

Tuchukue mfano wa mama mwenye matuta 20 ya mchicha katika bonde la Mto Msimbazi, unaoanzia kwenye vilima vya Pugu na kushuka hadi baharini. Mchicha huwa tayari kwa kuvunwa kati ya wiki tatu na nne. Wakati wa kiangazi humwagiliwa asubuhi na jioni, na ukikosa maji au ukichelewa kuvunwa, majani hukomaa na mnunuzi huyakataa. Kwa maneno mengine, ni zao lisilomsubiri mgonjwa.

Tuseme siku moja mama huyu anampeleka mtoto Hospitali ya Amana. Nauli ya kwenda na kurudi kwa daladala ni Sh1,400, chakula cha kutwa ni Sh2,000, na kijana wa kumwagilia bustani analipwa Sh4,000. Matuta manne yaliyokuwa yauzwe siku hiyo kwa wachuuzi kwa Sh5,000 kila moja yanauzwa kesho yake kwa nusu ya bei, hivyo amepoteza Sh10,000. Dawa anazoandikiwa kununua nje ni Sh8,000. Jumla ni Sh25,400. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na kila msomaji anaweza kuweka za kwake, lakini atakuta kwamba dawa yenyewe mara nyingi ni sehemu ndogo ya gharama. Katika mfano huu ni chini ya theluthi moja.

Sasa tuseme kafika akaambiwa kipimo hakipo, arudi Alhamisi. Sh17,400 zimekwenda bila mtoto kutibiwa, na Alhamisi zinakwenda tena. Muuza genge, mama lishe, fundi cherehani na mwenye banda la kuku wa nyama wote wana hesabu ya namna hii.

Kwa hiyo chombo chochote cha kidijitali kinacholetwa kwa mgonjwa wa Gongo la Mboto kipimwe kwanza kwa hili: kinapunguza hizo Sh17,400, au kinaziacha zilivyo?

Nauli iliyopita kwenye simu

Mfano ninaoupenda kuliko yote haukuanzia kwenye kompyuta ya daktari, ulianzia kwenye nauli. Hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani, Dar es Salaam, imekuwa ikiwatibu bila malipo wanawake wenye fistula. Huu ni ugonjwa unaotokana na uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu bila msaada wa kitaalamu, na humfanya mwanamke atokwe na mkojo au haja kubwa bila kujizuia. Upasuaji ulikuwa bure, lakini wengi hawakuja. Mwanamke wa kijijini aliyeachwa na mume na kutengwa na majirani hana pesa ya basi la kumleta Dar es Salaam.

Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini mwaka 2008. Mwaka 2009 CCBRT wakaanza kuitumia kutuma nauli. Kazi ilifanywa na mabalozi waliosambaa mikoani. Balozi akimpata mgonjwa, huwasiliana na hospitali, hutumiwa pesa kwenye simu yake, hukata tiketi na kumpandisha mgonjwa kwenye basi. Mgonjwa akifika salama, balozi naye hutumiwa posho yake ndogo.

Ukitazama vizuri utaona kwamba mgonjwa hakutakiwa kujua lolote kuhusu teknolojia, wala kuwa na simu. Balozi alikuwa na sababu ya kutafuta wagonjwa na kuhakikisha wanafika. Daktari wa upasuaji hakuongezewa hata fomu moja ya kujaza. Kila aliyeguswa na mpango ule alipata nafuu au alipwa kwa kazi yake, na hiyo ndiyo sababu ulishika haraka, wakati mipango mingine yenye mitambo ya bei mbaya imebaki kwenye makabrasha.

Lindi walijua dawa zimeisha wapi

Mfano wa pili unahusu dawa, na kwa maoni yangu ndio unaostahili kusomwa kwa makini na wakazi wa Gongo la Mboto.

Kati ya mwaka 2009 na 2010 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Novartis, Vodafone, IBM na mpango wa kimataifa wa kutokomeza malaria, ilifanya majaribio katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vya afya vilivyohusika vilikuwa 129, vinavyohudumia watu wapatao milioni 1.2. Mpango uliitwa SMS for Life. Kila Alhamisi mhudumu wa kituo alipokea ujumbe mfupi kwenye simu yake mwenyewe ukimuuliza idadi ya dawa mseto za malaria, za vipimo vinne, na kwinini ya sindano zilizobaki. Alijibu bila kukatwa pesa, na akijibu kwa wakati aliongezewa muda wa maongezi. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya iliona orodha nzima: kituo hiki kimeishiwa, kile kina ziada. Dawa zikahamishwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 walikuwa wamebaki asilimia 26. Lindi Vijijini waliumaliza upungufu huo kufikia wiki ya nane. Asilimia 95 ya majibu yaliyotakiwa yalipatikana, na walipokwenda kuhesabu dawa kwenye makabati walikuta takwimu zilizotumwa ni sahihi kwa asilimia 94. Mpango ukaenezwa Tanzania Bara.

Hayo yalifanyika kwa simu za kawaida za tochi, bila kompyuta kituoni. Kilichowafanya wauguzi wajibu ni mambo matatu: ujumbe ulikuwa mfupi, haukuwagharimu, na walipojibu walionekana wakiletewa dawa. Anayemfahamu muuguzi wa zahanati anajua hilo la tatu lina uzito gani, maana kwa miaka mingi wamejaza taarifa za kupeleka juu bila kurudishiwa chochote.

Hata hivyo, katika mpango ule mzuri taarifa zilikwenda juu tu. Kila Alhamisi wilaya ilijua kwamba zahanati fulani haina dawa ya mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mama wa kijiji kile, aliyekuwa atembee saa mbili kwenda huko, hakuambiwa. Taarifa hiyo hiyo ilikuwa ndani ya simu, ila si simu yake. Mifumo mingi iliyofuata, ukiwamo ule wa kielektroniki wa kuagizia dawa kutoka Bohari ya Dawa, imerithi mwelekeo huo. Inawafaa Keko, wilayani, Dodoma na kwa wafadhili, na si jambo baya. Lakini ingekuwa ni soko la ng'ombe, tungesema dalali anajua bei na mwenye ng'ombe hajui.

Mjini ilifanya kazi, shamba haikufika

Zipo huduma zilizomlenga mgonjwa moja kwa moja. Mwezi Novemba 2012 ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni, ambapo mjamzito au mwenzi wake alituma neno MTOTO kwenda namba 15001 na kupokea bure jumbe za Kiswahili kulingana na umri wa mimba.

Lakini utafiti ulionifundisha zaidi ulifanyika Unguja mwaka 2009 na 2010 kwa wajawazito 2,550. Kundi moja lilipata jumbe za simu pamoja na vocha za kuwawezesha kumpigia mkunga, na kundi jingine lilipata huduma ya kawaida. Waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60 katika kundi la simu na asilimia 47 katika kundi jingine. Ukiishia hapo utasema simu imeshinda. Watafiti walipotenganisha mjini na shamba, walikuta ongezeko lote limetoka mjini, na kwa wanawake wa shamba simu haikubadilisha kitu.

Ninavyoisoma mimi, ujumbe unaosema nenda hospitali unamfaa aliye karibu na hospitali na mwenye usafiri. Kwa mwingine, unamkumbusha tu jambo asiloliweza. Gongo la Mboto ipo katikati ya hali hizo mbili. Ipo Wilaya ya Ilala, kwenye Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado huiita ya Pugu, na kituo cha treni kipo. Lakini ukiingia ndani kuelekea Ulongoni mvua za masika zikinyesha, mto unapojaa na njia kukatika, unakuwa shamba kabisa. Mtu anayepanga huduma za simu kwa kuangalia ramani ya jiji peke yake atakosea hesabu.

Daktari naye ana shamba lake

Ni rahisi kuwalaumu madaktari na wauguzi kwamba wanaikwepa kompyuta. Nimesikia lawama hiyo ikitolewa kwenye semina nyingi, na kwa kawaida anayeitoa ni mtu asiyeona wagonjwa.

Tazama kazi yenyewe. Vituo vyetu vimekuwa vikiandika taarifa kwenye vitabu vya MTUHA tangu miaka ya 1990. Ni vitabu vikubwa vya mistari, kila huduma na kitabu chake. Mwisho wa mwezi muuguzi huhesabu mistari na kujaza fomu ya majumuisho, ambayo huingizwa kwenye mfumo wa taifa wa kompyuta uliosambazwa wilaya zote kufikia mwaka 2013. Kisha ukaja mfumo wa TAMISEMI wa uendeshaji wa vituo, GoTHoMIS, unaosajili mgonjwa, kutoa bili na kufuatilia dawa. Miradi ya chanjo, ya Ukimwi na ya kifua kikuu nayo ina fomu na mifumo yake.

Kompyuta inapoletwa na kitabu hakiondolewi, mhudumu huandika mara mbili. Mgonjwa aliyekuwa achukue dakika sita anachukua tisa. Kwenye foleni ya watu 50 hizo ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu, na wanaozilipa ni wale waliokaa kwenye benchi. Hapo bado umeme haujakatika wala mtandao haujasumbua. Siku mtandao unaposumbua, wote hurudi kwenye kitabu, halafu jioni mtu anabaki kuhamishia ya mchana kwenye mashine.

Sisemi kompyuta haifai. Malipo yanapopita kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, utaratibu ambao Serikali iliuanza mwaka 2017, kilichoingia dirishani kinaonekana jioni ile ile, na mgonjwa ana risiti. Kwa mwenye kuendesha hospitali hiyo ni faida ya kushikika. Ninachosema ni kwamba faida hiyo inakwenda kwa mhasibu, na kazi ya ziada inabaki kwa tabibu.

Pale ambapo chombo kimechukua nafasi ya kazi ya zamani, matabibu wamekipokea. Mwaka 2007 huko Mtwara yalifanyika majaribio madogo ya kuuweka mwongozo wa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano kwenye kifaa cha mkononi. Badala ya kupekua kitabu, tabibu aliongozwa swali kwa swali, na matokeo yalikuwa kwamba hatua za mwongozo zilifuatwa zaidi kuliko alipotumia karatasi.

Na kipo chombo kimoja ambacho madaktari wamekipokea bila semina wala posho: WhatsApp. Daktari kijana aliye zamu hupiga picha ya eksirei na kumtumia bingwa, na jibu hurudi kabla chai haijapoa. Wafugaji wa kuku wanaijua njia hiyo, maana wao hupiga picha ya ini la kuku aliyekufa na kuirusha kwenye kundi alimo daktari wa mifugo. Hakuna aliyewafundisha. Tatizo ni kwamba ini la kuku halina siri, na picha ya mgonjwa inayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kuuliza picha yake inakwenda kwa nani.

Wenzetu Uganda na Rwanda

Uganda walifika mahali wakachoka. Mwezi Januari 2012 Wizara yao ya Afya iliamuru miradi ya teknolojia ya afya isimame hadi kila mmoja upate kibali, kwa kuwa majaribio yalikuwa mengi, hayazungumzi lugha moja, na kila mfadhili alikuwa na lake. Mkulima aliyewahi kuletewa mashamba darasa matatu na mashirika matatu kwa msimu mmoja ataelewa.

Rwanda walikwenda mbali zaidi ya wote kwa upande wa mgonjwa. Huduma ya Babyl ilianza mwaka 2016. Mtu alibonyeza *811# kwenye simu yoyote, hata ya tochi, akapangiwa muda na kupigiwa na muuguzi au daktari, kisha akatumiwa namba ya kuchukulia dawa. Waliojiandikisha walizidi milioni 2 na bima ya afya ya jamii ikaingizwa. Hapo mkulima aliokoa nauli na siku yake ya kazi, ndiyo maana walijiandikisha wengi. Lakini mwenye huduma alikuwa kampuni ya Uingereza iitwayo Babylon. Kampuni hiyo ilipoanguka mwaka 2023, huduma ya Rwanda nayo ikafungwa, pamoja na kwamba wateja walikuwapo. Tunapokaribisha makampuni ya namna hiyo hapa kwetu, mkataba useme mapema nini kitatokea mwenye mtaji akiondoka.

Duka la dawa nalo ni kituo

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana maduka, na baadhi ni ya dawa. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, ukalenga kuyabadili yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi kwa kuwafunza wauzaji na kuwaruhusu kuuza baadhi ya dawa za cheti. Kwa mtu wa pembezoni mwa jiji, duka hilo ndilo mlango wa kwanza. Lipo karibu, linafunguliwa hadi usiku, na hakuna foleni.

Jirani zetu wa Kibaha, mkoani Pwani, walianza mwaka 2020 kufanya jambo ambalo Gongo la Mboto inaweza kulitazama. Mradi wa Afya-Tek uliwaunganisha watu watatu ambao kwa kawaida hawaandikiani: mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba, muuzaji wa duka la dawa, na zahanati. Kila mmoja alipewa kifaa chenye programu ya Kiswahili, na mgonjwa alitambuliwa kwa alama ya kidole. Mhudumu akimkuta mtoto mwenye homa anaweza kumwelekeza dukani au kituoni, na anayempokea anaona kwamba ameelekezwa na kwa nini. Daftari la kawaida la shule ambalo wagonjwa wetu hulinunua na kulibeba kila waendako, na ambalo hulowa mvua au kusahaulika kwa bibi, linapata msaidizi.

Kwa mwenye duka kuna biashara ndani yake, maana mteja anayeelekezwa kwake ni mteja. Kuna gharama pia. Kifaa kinataka chaji na bando, na muda wa kuandika ni muda wa kutouza. Mradi unapolipa gharama hizo mambo huenda vizuri. Mwenye duka anayeombwa kujiunga na mpango kama huo aulize nani atanunua bando mwaka wa tatu.

Usiku, mvua na namba 115

Wakazi wa Gongo la Mboto wanaujua umbali wa hospitali kubwa. Usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yalipolipuka katika kambi ya jeshi, majeruhi walikimbizwa Amana, Temeke na Muhimbili kwa usafiri wowote uliopatikana. Katika siku za kawaida, mama mwenye uchungu saa nane za usiku ana tatizo la aina hiyo hiyo akiwa peke yake.

Mpango wa m-mama ulianza na tatizo hilo. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, kisha ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Anayepiga namba 115, bila malipo, huulizwa hali ya mgonjwa na mtu mwenye mwongozo mbele yake. Gari la wagonjwa lisipokuwapo karibu, huitwa dereva wa kawaida wa eneo husika aliyesajiliwa. Dereva hamdai mgonjwa. Akishamfikisha, kituo huthibitisha na dereva hulipwa kwa simu.

Huo ni mpango wa CCBRT ulioongezewa magurudumu, na kwa mtazamo wangu unaonyesha tumeanza kujifunza. Mwenye teksi Sengerema haingii kwenye mpango kwa huruma tu. Anaingia kwa sababu analipwa, tena bila kumfuata mtu ofisini. Namba hiyo ni ya dharura za uzazi na za mtoto mchanga, haifai kuulizia dawa ya kikohozi. Kwa maswali ya kawaida ya afya kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, nayo ni bure.

Shilingi elfu thelathini

Turudi kwa mama wa mchicha. Anachohitaji kabla ya kutoka nyumbani ni mambo machache: leo tabibu yupo au hayupo, maabara inafanya kazi au haifanyi, na dawa zipi zimeisha. Muuguzi wa zahanati anayajua yote hayo ifikapo saa mbili asubuhi. Hakuna programu ya kutengeneza hapo. Inatakiwa simu moja ya kituo, isiyo ya mtu binafsi, na ujumbe mmoja kila asubuhi kwa wenyeviti wa mitaa na wajumbe wa mashina, ambao tayari wana makundi ya simu ya wakazi wao. Asiye na simu ya intaneti atamuuliza mjumbe au jirani.

Bando na muda wa maongezi tuseme ni Sh1,000 kwa siku, sawa na Sh30,000 kwa mwezi. Pesa hiyo haihitaji mfadhili. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vimekuwa vikipokea fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti zao, na matumizi hupangwa na kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Safari mbili za bure za Sh17,400 zikiepukwa kwa mwezi katika kata nzima, gharama hiyo imerudi na chenji imebaki.

Pingamizi ninaloliona litatoka kwa mganga mfawidhi wa zahanati, na lina haki. Akitangaza kwamba dawa hakuna, wananchi watamlalamikia yeye, na wakubwa watauliza kwa nini anaanika mambo ya ofisi. Kule Lindi kazi ya sifuri aliyoandika muuguzi ilikuwa kuleta dawa, na hapa kwetu pia ikubalike mapema kwamba sifuri si kosa lake. Makubaliano hayo yafanywe na Mganga Mkuu wa halmashauri, kwa maandishi, kabla ya ujumbe wa kwanza kutumwa.

Majina ya wajumbe wa kamati ya kituo chako yaulizie ofisi ya serikali ya mtaa. Bajeti ya kituo hupangwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, kwa hiyo anayetaka hizo Sh30,000 ziingie humo azungumze nao mapema, kabla masika hayajaanza kukata njia za Ulongoni.